Baba Ameweka Spana Chini kwa Kosa Langu

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ijayo, maana siku hiyo nina mashindano na sijui nitapanda pikipiki iliyofungwa na nani. Mimi ni kijana wa kiume, nimesoma hadi kidato cha nne, na kazi inayonilisha ni mbio za pikipiki za barabarani, kazi ambayo wengi huiona ya vichaa lakini kwetu ni kazi ya nyumbani, kwa sababu fundi wangu tangu siku ya kwanza ni baba yangu mzazi, ambaye wenzetu wanamwita Mzee Spana. Tukifika bandani mafundi wa timu nyingine humtania, "Mzee Spana, mbona mtoto wako wa chuma anakohoa leo?" naye huwajibu bila kuinua kichwa, "Atakohoa akiwa mbele, moshi mtaula nyinyi." Kwangu husema, "Wewe endesha, mimi nifunge," na miaka yote hiyo sikuwahi kugusa nati hata moja.

Baba ana utaratibu wake. Akishakaza bolti huchora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho chini yake, ili yeyote atakayepita ajue hiyo imekazwa, asihangaike nayo tena. Mwezi wa tatu, nikiwa naifuta pikipiki vumbi kabla ya mazoezi, nati ya gurudumu la nyuma ilizunguka na kitambaa changu kama kizibo cha chupa, na mstari mweupe ulikuwepo pale pale, umenyooka vizuri. Baba alikuwa amechora bila kukaza. Nilikuwa nimeshaona kwamba siku hizi husogeza bolti karibu na pua ili aione, na kwamba anaweza kuuliza chai yake iko wapi huku kikombe kiko mkononi, lakini sikumwambia kitu. Nilikaza ile nati mwenyewe, nikasingizia tumbo, nikaacha mazoezi. Jioni, katika shajara yangu ambayo siku zote naiandikia kweli, niliandika kuwa mazoezi yameahirishwa kwa sababu ya mvua.

Tangu hapo baba akienda kunywa chai mimi hufuta alama zake, nalegeza kila bolti kidogo, naikaza upya kwa spana ya kipimo, ile inayolia ikifika nguvu inayotakiwa, halafu nachora mistari mipya inayofanana na yake. Mara nyingi sikukuta kosa. Mara chache nilikuta.

Sasa sikia kilichotokea kwenye mashindano yaliyopita. Nilikuwa nimelegeza bolti ya breki ya mbele nikasikia ndala zake zinarudi mapema, na kwa hofu kwamba ataona alama yake imefutwa, nikachora mstari haraka kabla sijakaza, nikijiambia nitamalizia baadaye. Baba akakaa pale pale na kikombe chake, mvua ikaanza kunyunya, tukabishana kuhusu matairi, nikaitwa kuvaa, nikasahau. Nilipokuwa naingia kona ya kwanza baada ya mzunguko wa pili, breki ilitetemeka halafu ikawa haishiki, nikanyoosha moja kwa moja hadi kwenye mchanga, na mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu alinikosa kidogo tu.

Sikuanguka. Baba alikuja mbio, akapiga magoti, akaigusa ile bolti kwa kidole, ikacheza. Nikafungua mdomo. Yeye akawahi: "Mstari ni wangu. Hapa hakuna mwingine anayechora." Kisha akanishika shingo kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akasema, "Nusura nikuue, mwanangu." Nikamwacha aamini hivyo.

Sasa sanduku la spana liko chini ya kitanda chake. Mama ananiuliza, "Mmemfanyia nini huyu mzee huko? Hata kijiko anakishika kama anakiogopa." Timu iko tayari kuniletea fundi kijana. Nikisema ukweli, baba atarudi kazini kifua mbele, na ipo siku mkono wake utakosea kweli na mimi sitakuwa nimekagua. Nikinyamaza, mimi nitakuwa salama, lakini yeye atazikwa akiamini kuwa nusura amuue mwanawe. Nifanyeje?

Mimi, ninayeogopa sebuleni kuliko kwenye kona.

JIBU

Mwanangu,

Pole sana. Umebeba jambo zito, na umelibeba kwa mapenzi, hilo sikunyimi. Lakini nimekwama kwenye maneno ya baba yako: "Mstari ni wangu." Mtu anayeikubali lawama papo hapo, bila kumtafuta wa kumsukumia, halafu ni lawama isiyo yake, na mwenye nayo amesimama mbele yake na helmeti kichwani, kimya!

Ulidhani unamlindia heshima. Ulichokuwa unafanya ni kughushi mkono wake. Ule mstari ulikuwa na maana moja tu, kwamba hii imekazwa, na nyote wawili mmeugeuza kuwa pambo. Yeye kwa macho yaliyochoka, wewe kwa woga. Na yule kijana aliyekukosa kidogo, yeye alikosa nini kwenu?

Unaniuliza useme au unyamaze, kana kwamba ukweli ni mmoja. Ni miwili, na yote itasemwa katika kikao kimoja, mama yako akiwepo. Anza na wako: "Baba, siku ile bolti niliilegeza mimi, na mstari niliuchora mimi." Usijitetee. Kabla hajainuka kwenye kiti, umwambie wa pili: "Na nilikuwa nakukagua kwa sababu mwezi wa tatu nilikuta nati ya nyuma imechorwa na haijakazwa." Ukiishia kwenye wa kwanza, umemrudisha kwenye kazi asiyoiona vizuri. Ukimpa wa pili peke yake, umemzika akiwa hai. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo, na usiondoke chumbani.

Baada ya hapo mpeleke hospitali akapimwe macho, na ile habari ya chai na kikombe mweleze daktari pia, usione haya. Fundi kijana aje. Yeye akaze, na baba yako abaki bandani na sikio lake la kuisikiliza injini na kalamu yake ya rangi, kwa sharti kwamba anayekaza hachori, na anayechora ashike kwanza spana ya kipimo na kuhakikisha mwenyewe. Wewe nati ziache. Kazi yako ni kuendesha, alishakuambia.

Ikifika Ijumaa hujasema, Jumamosi usipande pikipiki hiyo, hata ikifungwa na malaika.

Usisubiri akuulize. Livute lile sanduku chini ya kitanda kwa mikono yako, liweke mezani mbele yake, lifungue, ndipo uanze. Na jioni hiyo, kabla hujalala, rudi kwenye ukurasa wa mwezi wa tatu, uifute ile mvua.