Fimbo Tatu Ndani ya Shaba

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Huku tunapumua, ila tumechoka sote.

Zile bapa za shaba ambazo Baba alizisubu kwa kuyeyusha chakavu, kwa ajili ya kabati la umeme la kiwanda cha mbao zimerudishwa. Zilifungwa, na siku ya pili zikapata moto hadi plastiki iliyozishika ikayeyuka. Fundi umeme alisema umeme unapita humo kwa taabu, kama mtu aliyebeba godoro sokoni. Baba akasema shaba imeingiliwa na uchafu, na anayechambua chakavu ni mmoja tu, Shangazi.

Wajua Shangazi anavyokwaruza kila kipande kwa tupa aone rangi ya ndani. Baba alimwambia macho yake yamestaafu bila kuaga. Nilitegemea atamjibu, maana yeye hakosi jibu. Badala yake alisema labda ni kweli, akavua glovu akaziacha mezani. Wiki ya pili sasa haingii karakana. Jana nilimkuta dirishani akipitisha uzi kwenye sindano, anauchomoa, anaupitisha tena. Mimi na Baba tunachambua upya magunia yote. Mikono inauma, na uchafu hatuuoni.

Kaka, hatutauona. Niliutia mimi. Nilisoma kitabuni kwamba silikoni safi, ile ya paneli za sola, hupitisha umeme kidogo sana, lakini ikitiwa fosforasi, hata chembe moja kwa mamilioni, hupitisha vizuri zaidi. Nikadhani shaba nayo itafaidika, Baba asifiwe. Nilimwomba fundi friji fimbo tatu za kuchomelea, zile za shaba yenye fosforasi, nikazitumbukiza kwenye chungu cha kuyeyushia Baba alipogeuka. Sura ya metali ilikuwa mbele, sikuwa nimeifikia. Inasema silikoni ina uhaba wa elektroni huru, na fosforasi huiongezea. Shaba inazo tele. Mgeni akiingia huzizibia njia tu.

Nilinyamaza kwa sababu naiogopa sauti yangu mwenyewe, wewe wanijua. Kuandika naweza. Kwa hiyo sikuombi unisemee. Baba amerudi, namsikia akinawa. Nitamwita Shangazi, niwasomee wote wawili hapo juu nilipokiri, ndipo niifunge bahasha.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi anauliza kama unakula.

Ni mimi mdogo wako,
Miwani