Kikwembe ya mama yako

Bukavu

Mutoto yangu Colombe,

Usishangae maandiko, ni mimi mwenyewe niko naandika. Paa nimeitengeneza peke yangu, na miaka sabini na sita.

Mama yako iko. Dawa ya kwanza ya ile huzuni ilimulaza kutwa, munganga akaibadilisha. Akaniambia: «Papa Zagabe, na hii mupya, nguvu inaweza kurudi kabla ya furaha. Umuchunge sana wiki za kwanza, uniite ukiona kitu.» Nikamujibu: nimechunga ng'ombe mia, nitashindwa na mwanamuke mumoja?

Siku ya kumi akaamuka, akaoga, akaanza kugawia majirani bikwembe byake, bitenge bya kujifunga. Nikajisifu ku kanisa kwamba nimemuponyesha. Jana Élodie, infirmière mwenye kusaidia munganga, akakuya kuangalia dawa. Nikamuambia ile ya bikwembe na kicheko. Yeye hakucheka.

«Papa, ulimuuliza kama anataka kufwa?»

Sikumuuliza. Élodie ndiye alimuuliza, na mama yako akasema ndiyo.

Munganga alikuya hapo hapo, anarudi kesho. Bidonge biko mu mufuko ya shati yangu, namupatia kimoja kimoja. Kamba ya mbuzi nimeichoma. Mbuzi inakula maharagi ya jirani, ikule tu. Ninakaa ku mulango, nalinda kama sentineli. Siogopi.

Amebakiza kikwembe moja, ile ya ndoa. Anasema nikutumie. Sitaituma. Ukuye uipokee mu mikono yake. Ukuye mbio.

Ni mimi baba yako Zagabe, mwenye hakuombaka mutu kitu kabla ya leo.