Ufa Nyuma ya Kitanda

3 Machi

Shikamoo Baba,

Usininunie kwa ukimya wangu. Tangu nijifungue mikono si yangu tena. Mama hajambo? Magoti yako je? Sisi wazima, ila nina hofu. Ukuta wa pale anapolala Bwana Mkubwa, mjukuu wako, umefanya ufa. Mwenye nyumba asema ni lipu tu. Nikaupiga picha, nikaiuliza akili bandia ya kwenye simu, nikaieleza na maneno ya mwenye nyumba. Ikanionyesha inavyofikiri, hatua kwa hatua: ufa mwembamba, haujafika kwenye matofali, basi ni lipu. Nimeelewa yote, lakini usingizi hauji. Wewe fundi uashi, wasemaje?

Mwanao

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Mama mzima. Magoti yanakusalimu kwa kelele. Ukuta sijauona, siwezi kuuapia. Iulize upya, picha ileile, useme baba yako fundi asema ukuta unaanguka, tuone kama inafuata picha au msemaji. Halafu ziba ufa kwa kiraka chembamba cha saruji. Kikikauka kisha kikakatika, ukuta unatembea. Mtoto mhamishe leo, usingoje kiraka.

Baba yako

21 Machi

Shikamoo Baba,

Picha ileile, Baba! Safari hii ikasema ufa umeingia kwenye matofali, nihame. Hatua zake nzuri vilevile. Nikaibana: umemfuata baba? Ikajibu, “Hapana, nimeangalia picha kwa makini zaidi.” Basi na ile ya kwanza ilimfuata mwenye nyumba, isiniambie, nami nikamlaza mwanangu palepale.

Kiraka kimekatika. Tumejibanza jikoni kwa shoga yangu wa kiwandani. Mwenye nyumba ananicheka: “Mama, si hata simu yako ilikubaliana nami?” Nikamwambia, basi njoo ulale wewe. Akakumbuka ana safari.

Ila Baba, upande wa pili wa ukuta ule analala jirani na wanawe. Nimemsihi ahame. Ananionyesha simu yake: naye aliieleza maneno ya mwenye nyumba, ikampa hatua zilezile. “Imefikiria vizuri, shoga, soma mwenyewe.” Kila nikisikia kishindo nje, nadhani ni ukuta ule.

Nitumie blanketi zito la mtoto, chandarua, sufuria ndogo, ile timazi yako ya kupimia kuta, na mwenye timazi. Aje na basi la kwanza.

Mwanao