Mwali Aliyetolewa Gerezani

Mtwara, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kaka akikusomea barua hii, mwambie asiruke mistari kama kawaida yake. Goti lako linaendeleaje? Na mtama wa shamba la kijiji, mmeuvuna au ndege wamewatangulia huko Kondoa? Mimi ni mzima. Joto la huku bado linanishinda, ila ugali wa muhogo nimeuzoea.

Uliniuliza askari magereza anafundishaje ngoma. Kila Jumamosi mchana nawakusanya wafungwa wanawake uani, wanaimba na kucheza. Ngoma hatuna, tunapiga kinu na madebe ya mafuta. Mwanzoni walinicheka. Sasa nikichelewa naitwa, "Afande, viuno vinaganda!"

Yumo Binti Hamisi wa Mahurunga, aliyefungwa kwa kumpiga mke mwenzake na mchi. Nimefungua shajara yangu nisichanganye mambo: siku ya wageni, dada yake alimletea habari kwamba Zuhura, binti aliyemwacha nyumbani, amemaliza unyago lakini amegoma kutoka ndani. Kwao mwali hutolewa kwa nyimbo, mama yake akimvisha kanga mpya. Zuhura kasema, "Nani anivishe, na mama yangu yu hai?"

Binti Hamisi akaacha kula. Nikamwendea mkuu wa gereza, nikaomba mwali aletwe hapa siku ya mazoezi yetu.

"Gereza si uwanja wa ngoma, Koplo," akasema. "Na wimbo nisiousikia kwanza, siuruhusu."

Nilipowaeleza wanawake, wakaja juu.

"Nyimbo za unyago asikie mwanamume?" akauliza bibi mmoja. "Basi naye tumcheze kama mwali kwanza!"

Uani wote walicheka isipokuwa Binti Hamisi. Akasema taratibu, "Tutunge wa kwetu, ambao hata yeye anaweza kuusikia."

Tuliutunga huku wakisuka mikeka. Kila mtu alitoa neno, Binti Hamisi akawa anachagua, na aliwakatalia wengi. Mkuu aliusikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akaamuru urudiwe. Nikadhani ameona kosa.

"Kosa hakuna," akasema. "Mleteni huyo mtoto."

Jana dada yake Binti Hamisi akamleta Zuhura kwa lori la ushirika, amefunikwa gubigubi, haonekani hata kidole. Akasimama uani ametugeuzia mgongo. Kinu kikaanza, na Binti Hamisi akaimba peke yake:

*Nilikuacha wachota kwa kikopo,*
*leo ndoo yakutosha kichwani.*
*Sikukuona ukikua,*
*geuka nikutazame.*

Wenzake wakampokea. Mtoto hakusogea. Wakarudia, sauti zikapanda, na mimi nikajikuta naimba na sare yangu. Ndipo akageuka. Mama yake akamfunua, akamvisha kanga mpya, akamfunga vizuri kifuani kama inavyotakiwa. Hawakulia hao wawili, walitazamana tu. Tuliolia ni sisi.

Pale langoni yule dada mtu aliniuliza, "Sisi tusio na kifungo tunajiungaje na kikundi chenu?"

Mama, najua majirani wakikuuliza kazi yangu huwaambia niko serikalini tu, unaishia hapo. Sasa watajie. Sema binti yako ni askari wa gereza la wanawake, na usipunguze sauti.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, shangazi anayefinyanga vyungu, na wifi yangu anayenyonyesha. Kaka naye, kwa kusoma hadi hapa.

Mwanao anayekukumbuka,
Mwajuma