Moto Ambao Hakuna Aliyeuomba

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Chanika tuko wazima, ila babu yako goti linamsumbua, na mahindi yamekauka kabla ya kubeba.

Umeniuliza uwapelekee nini wapangaji wapya hapo kwenu. Usiwapelekee kitu.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nikiwa msichana, wenyeji walitupokea kwa ngoma, na chakula wakatuletea msimu mzima. Lakini kule, mwanamke akikuta moto wake umezimika asubuhi, huenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Mama alikuwa akiamka mapema, anachochea kuni, kisha anaketi mlangoni kusubiri. Wanawake walimpita na vigae vyao vya kubebea moto, wakaenda kuomba nyumba za mbali.

“Tusimsumbue mgeni,” walikuwa wakisema.

Mama alizeeka palepale, akafia palepale. Siku ya msiba nilimsikia jirani wa ukuta kwa ukuta akiuliza, “Yule mgeni anazikwa saa ngapi?”

Basi wewe nenda mikono mitupu. Waombe chumvi, hata kama kopo lako limejaa.

Ni mimi, bibi yako.