Sangara Mwenye Mayai

Kaka yangu,

Sisi tu wazima, shida ndogondogo hazikosi. Paa la jikoni limezibwa. Paka wako amezeeka, lakini wizi hajaacha.

Baba bado anakwenda ziwani na ndoana yake, na bado anawasema wenye nyavu kuwa wanakula mbegu. Sheria yake unaikumbuka: samaki wa kutosha sufuria aje nyumbani, aliyezidi urefu wa mkono arudishwe majini, maana huyo ni mama.

Jumamosi alirudi na sangara mkubwa, anacheka. Nilipompasua, mayai yalijaa bakuli. Nikapika tu. Mezani baba aliyaona yale mayai, akasukuma sahani.

"Nani kamvua mama huyu?"

Mume wangu akanitazama. Nikasema, "Ni mimi, baba. Nisamehe."

Alinigombeza kama enzi za utoto wetu, na hakuonja hata mchuzi. Sasa kila asubuhi ananipeleka ziwani kunifundisha upya kupima samaki. Nami najifunza.

Jana alinisifu kuwa nashika haraka, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Njoo, kaka.

Mdogo wako,
mwanafunzi wa baba