Mtoto Hana Pepo

Buswelu,
3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi huku wazima. Bibi anakula vizuri na jana kagombana na jirani kwa ajili ya kuku, kwa hiyo ujue afya ipo.

Nakuandikia kwa sababu simu yako unaipokea mbele ya watu, na hili nataka ulisome peke yako jikoni. Gladness wa dagaa atakuletea akija gulioni.

Nimemaliza kutia Kiswahili kwenye filamu nyingine. Hii ni ya zamani, haina hata rangi. Iqbal mwenye banda la video akanicheka: "DJ Dorcas, rangi zimeisha dukani?" Nikamwambia asubiri. Inahusu mtoto wa kike wa miaka tisa. Haongei sana, anakutazama tu, na kila anayetazamwa anatetemeka. Watu wazima wote wanasema ana pepo. Kumbe alimwona tajiri wa nyumba ile akimsukuma yaya mzee kisimani. Mama wa mtoto naye alikuwa dirishani, akaona, akashusha pazia.

Weee! Jumamosi mchana banda lilijaa. Mtoto akitazama tu, akina mama wanapiga kelele: "Kemea! Mpelekeni kwa maombi!" Baba mmoja mnene kajifunika uso na kofia. Lakini watoto waliokaa chini mbele, ambao Iqbal huwa anawafukuza, hawakuogopa hata kidogo. Mmoja kawageukia wakubwa: "Hana pepo! Ameona!" Mama, nilisikia mwili wote unasisimka.

Unajua sisi ma-DJ wa kutafsiri filamu, penye utamu tunasimamisha picha na kuwauliza watazamaji swali. Mimi nimeisimamisha pale dirishani. Nikauliza: "Mama wa dirishani, uliona au hukuona?" Banda zima likajibu: "Aliona!"

Wasalimie wote, isipokuwa yule unayemjua.

Binti yako,
Dorcas


Misungwi,
14 Juni 2024

Mwanangu Dorcas,

Marahaba. Goti ni lile lile, likisikia mvua linaanza. Nashukuru bibi yako anakula.

Filamu yako ilifika kabla ya barua. Inaoneshwa bandani kwa Chenge, karibu na soko. Jirani yangu Justa aliiona, akaja mbio kunisimulia. Anasema yule mtoto anaambiwa ameota, naye anajibu: "Sijaota. Nilikuwa macho, na jua lilikuwa utosini."

Dorcas, hayo si maneno ya Wazungu. Ni maneno yako. Uliyasema siku nyumba ya bibi yako ilipoungua. Watu wote uwanjani kwetu waliyasikia siku ile, na baba yako mdogo Machibya alikuwepo. Sasa ameyasikia tena. Jana alikuja hadi mlangoni kwangu akaniuliza, "Shemeji, mwanao anamtafuta nani?"

Iondoe. Mimi ni mjane, ninakaa kwenye uwanja wa ukoo wa baba yako, na Machibya ndiye mwenye sauti humu. Akinitoa nitaenda wapi na goti hili? Mdomo huponza kichwa. Ya miaka ishirini yaache yalale.

Mama yako


Buswelu,
20 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Paka ile dawa niliyokutumia, usimpe Justa.

Siiondoi.

Hayo unayosema yalale, mimi nalala nayo kila siku. Ndama wa baba mdogo Machibya walikufa, akasema bibi ndiye kawaloga kwa sababu macho yake ni mekundu. Macho ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote yatakuwa ya rangi gani? Na huo ugali uliopikwa kwa moshi huo, Machibya si alikuwa akila mpaka ukoko, ingawa yeye ni mtoto wa mke mdogo? Bibi hakumbagua. Halafu mchana kweupe akawasha kiberiti kwenye nyasi za paa lake. Nilikuwa nimesimama pale penye mihogo. Nikasema nilichoona.

Mkanipeleka kwa maombi. Siku tatu bila kula, pepo anitoke. Siku ya tatu nikasema sikuona kitu, watu wakapiga makofi. Bibi akafukuzwa akiwa na kanga moja tu. Mama, wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka.

Katika filamu sikumtaja mtu yeyote. Mbona Machibya ndiye aliyeshtuka?

Bibi ana miaka themanini. Kila asubuhi ananiuliza lini tunarudi kwake. Hataki kuzikwa Buswelu kwenye ardhi ya watu. Lakini hawezi kurudi kama mchawi, na neno langu peke yangu walishasema ni la pepo. Siku ile wewe ulikuwa dirishani jikoni. Kwa hiyo nakuuliza wewe kama ninavyowauliza watazamaji: uliona au hukuona?

Binti yako,
Dorcas


Buswelu,
15 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Gladness amerudi mara nne mikono mitupu. Anasema u mzima, unanunua dagaa, ukisikia jina langu unaangalia chini. Basi nashukuru kwa uzima.

Filamu imefika Usagara, na kule nako watu wanabishana mpaka wanasukumana. Mchungaji mmoja ameikemea kanisani, watu wakazidi kujaa.

Bibi ameugua wiki mbili, sasa ana nafuu, anaweza kukaa kitandani. Juzi akataka kuona hicho kinachogombanisha watu. Nikamwekea. Sikujua atafanya nini. Alitazama mpaka mwisho. Halafu akasema, "Huyu mtoto tangu mwanzo hajala. Watu wote hao, hakuna wa kumpa hata uji?"

Nikatoka nje nikalia, mama. Nimelia kama mtoto.

Kama hutajibu, usijibu. Lakini nikipona kilio hiki nitamleta bibi kwake, liwalo na liwe.

Dorcas


Misungwi,
9 Septemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Bibi yako anaendeleaje? Mwambie mkwewe anamsalimu, ila salamu yenyewe nitampa mwenyewe kwa magoti.

Barua yako ya uji niliisoma jikoni mpaka ugali ukaungua. Jumamosi nikavaa gauni la kanisani, nikaenda kwa Chenge. Vijana wakashangaa, "Mama, umepotea?" Nikawaambia wanipishe nikae. Machibya alikuwa benchi la mbele, anaiona kwa mara ya ngapi sijui.

Picha ikafika dirishani. Ikasimama. Nikasikia sauti yako: "Mama wa dirishani, uliona au hukuona?" Kabla hawajapiga kelele zao nikasimama, goti na yote. Nikasema, "Niliona."

Vijana wakasimama kunitazama. Nikasema tena, na jina la mwenye kiberiti nikalitaja, na jina la bibi yako, na lako. Nikasema mtoto wangu hakuwa na pepo, mwoga nilikuwa mimi. Machibya akageuka: "Shemeji, umepandisha mashetani?" Nikamwambia, "Mwite mchungaji. Aniombee siku tatu, nisile. Siku ya nne njoo uniulize tena." Alitafuta wa kunicheka pamoja naye, hakumpata. Akatoka, kofia kaiacha kwenye benchi.

Jumapili alitupa sufuria zangu nje. Nikaziokota nikazirudisha ndani, akitazama. Jumatatu mzee Mashimba wa ukoo aliita kikao, nikasema yale yale. Mashimba akatamka kwamba uwanja ule ni wa bibi yako, na anayeona vibaya ahame yeye. Machibya anaona vibaya lakini bado yupo. Na awepo. Nami nipo.

Mlete bibi Jumamosi. Chumba changu nimempa yeye, mimi nitalala jikoni. Wewe usile njiani. Uji wa siku zile tatu hukuupata, nitakupikia mimi, na utaunywa wote mbele yangu.

Mama yako,
niliyeona